Watu Wanne na Machela: Gari la Wagonjwa Halifiki Peke Yake



Mwinjili Marko, katika sura ya pili, anatusimulia habari ya mtu aliyepooza aliyeletwa kwa Yesu mjini Kapernaumu. Tunaifahamu sana habari hiyo. Tumeihubiri na tumehubiriwa mara nyingi. Hata hivyo macho yetu huenda moja kwa moja kwa mgonjwa na kwa Mponyaji wake, tukawasahau watu wanne waliobeba machela. Hatuambiwi majina yao. Hatuambiwi walitembea umbali gani, wala kama walikuwa ndugu wa mgonjwa au majirani tu. Tunaambiwa kwamba walikuwa wanne, kwamba umati uliwazuia mlangoni, na kwamba walipanda juu, wakatoboa dari, wakamteremsha mgonjwa hadi mbele ya Bwana. Tena Mwinjili anaandika jambo la kushangaza: Yesu aliiangalia imani ya wale waliombeba, ndipo akanena neno la kusamehe na kuponya.

Juma hili tunapenda tutafakari pamoja juu ya watu hao wanne, kwa sababu tunaamini kwamba katika maeneo yetu ya Kwakoa na Upare kwa jumla, mgonjwa huokolewa au hupotezwa kabla hajamfikia daktari. Tunazungumza mara nyingi juu ya gari la wagonjwa. Tunaliomba, tunalisubiri, na tukilikosa tunalilaumu. Hayo yote yana haki yake. Lakini hoja yetu leo ni hii: gari la wagonjwa peke yake haliokoi mtu. Linaokoa pale tu ambapo linakutana na jamii iliyokwisha kuamka, iliyokwisha kuamua, na iliyokwisha kujipanga.

Wazee wetu hawakuhitaji kufundishwa jambo hili. Milimani, kabla ya barabara kuchongwa, mgonjwa alishushwa kwa machela. Machela haibebwi na mtu mmoja. Watu hupokezana, wanaotangulia hufyeka njia, wanaofuata hubeba maji na mwenge. Roho hiyo ndiyo ile ile ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja iliyochimba mifereji na kujenga ndiva za kuhifadhi maji ya kumwagilia mashamba ya Upare tangu enzi za mababu. Hakuna aliyesubiri kuuliza kama mfereji utapita shambani kwake kwanza. Kila kaya ilijua siku yake na jembe lake.

Sasa tuitazame Kwakoa yetu. Tuko katika wilaya ya Mwanga, kwenye tambarare iliyo mashariki ya milima ya Upare wa Kaskazini, upande wa kuelekea Ziwa Jipe na mpaka wa Kenya. Barabara kuu ya lami iendayo Moshi na Arusha, au Same na Dar es Salaam, iko upande wa pili wa milima. Nchi yetu ni kavu, kaya zimetawanyika, wakulima na wafugaji wanaishi mbali mbali. Mvua ya vuli ikinyesha baada ya ukame mrefu, korongo lililokuwa kavu asubuhi hugeuka mto jioni. Hospitali kubwa ya rufaa ya kanda, KCMC, iko Moshi. Kwa mtu mzima mwenye afya njema, huo ni mwendo wa kawaida. Kwa mama anayevuja damu, ni bahari ya kuvuka.

Tuuchukue usiku mmoja, usiku wowote. Mama mjamzito ameanza uchungu jioni. Saa nne usiku mambo hayaendi vizuri. Mama mkwe anasema tungoje kidogo, kwani yeye alizaa watoto wake wote nyumbani. Mume yuko mbali na mifugo, simu yake haipatikani, na hakuna anayethubutu kuamua bila yeye. Saa sita anaitwa jirani mwenye gari. Gari halina mafuta. Saa saba inakumbukwa namba ya dharura. Gari linatoka, linafika njia panda, dereva hajui ashike njia ipi kati ya tatu, na hakuna hata mtu mmoja mwenye tochi. Saa tisa wanafika hospitalini. Damu inahitajika, na walioandamana naye wanatazamana. Je, gari la wagonjwa lilichelewa? Ndugu zetu, gari lilikuwa la mwisho kuchelewa.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika juu ya vifo vya akina mama wajawazito wakaonyesha kwamba kuchelewa kuko kwa aina tatu. Kwanza, kuchelewa kuamua kutafuta tiba. Pili, kuchelewa kufika mahali pa tiba. Tatu, kuchelewa kupata huduma iliyo sahihi baada ya kufika. Mafundisho hayo yanafundishwa hadi leo kwa wauguzi na waganga duniani kote. Tukiyatazama kwa makini tunaona kwamba gari linaponya sehemu tu ya ucheleweshaji wa pili. Ule wa kwanza uko mikononi mwa familia na majirani. Ule wa tatu ni wa hospitali na serikali, lakini hata huo una sehemu yetu, kwa sababu damu ya kumwongezea mama haitengenezwi kiwandani. Hutoka katika mshipa wa mtu mwingine. Na mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua aweza kupoteza maisha ndani ya saa mbili tu.

Nchi yetu ina mfano hai wa namna gari na jamii vinavyoweza kushirikiana. Ni mfumo unaoitwa m-mama. Ulianza kwa majaribio katika Kanda ya Ziwa, huko Sengerema na mkoani Shinyanga, na mwezi Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua ili uenee nchi nzima. Utaratibu wake ni mwepisi kueleweka. Mama mjamzito, mama aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga akipatwa na hatari, mtu yeyote aliye karibu, au mhudumu wa zahanati, hupiga simu namba 115 bila malipo. Mpokeaji katika kituo cha uratibu huuliza maswali, hupima uzito wa hatari, na kuchagua kituo cha tiba kinachofaa. Kama gari la wagonjwa lipo karibu, hutumwa. Kama halipo, huitwa dereva wa jamii, yaani mtu wa kawaida mwenye gari lake, aliyekwisha kuandikishwa na kuelekezwa, naye hulipwa nauli yake kwa njia ya simu baada ya kumfikisha mgonjwa.

Tunaomba msomaji alitafakari jambo hilo la dereva wa jamii. Waliobuni mfumo huo wangeweza kusema kwamba hakuna lolote litakalofanyika mpaka kila kata iwe na gari lake jeupe lenye king'ora. Wangesema hivyo, tungengoja miaka mingi. Badala yake walijiuliza: je, vijijini hakuna magari kabisa? Yapo. Yanabeba mahindi, yanabeba abiria wa mnadani, yanalala usiku uani kwa wenyewe. Kilichokosekana ni simu moja, jina moja katika orodha, na uhakika kwamba mwenye gari hatapata hasara kwa kutenda wema. Vitu hivyo vitatu vilipopatikana, gari la mnadani likawa gari la wagonjwa.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria kwamba akina mama 556 walikufa kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Hatusemi kwamba usafiri wa dharura peke yake ndio ulioleta tofauti hiyo, hapana. Vituo vya afya viliongezwa, vyumba vya upasuaji vilijengwa, wataalamu waliajiriwa. Tena 104 si namba ya kupongezana tukalala. Kila mmoja kati yao alikuwa mke wa mtu, binti wa mtu, mama wa mtoto aliyebaki akilia. Lakini tofauti hiyo inatuambia kwamba vifo hivyo havikuwa mapenzi ya Mungu yasiyoweza kuzuilika. Tulizoea kusema Bwana alitoa na Bwana ametwaa mahali ambapo ilitupasa kusema: tulichelewa.

Na si kwa akina mama peke yao. Jumapili tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 43 walikuwamo. 19 walifariki, 24 wakaokolewa. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja mvuvi, aliyejitosa majini bila vifaa vyovyote, baadaye alipewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Taifa lilifanya vema kumheshimu. Lakini tujifunze pia somo lililo ndani ya heshima hiyo: mwokoaji wa kwanza ni yule aliye jirani na ajali, awe na mafunzo au asiwe nayo. Basi ni afadhali awe nayo.

Tunakumbuka pia tarehe 6 Mei 2017, basi la wanafunzi lilipotumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu, na watu 35 wakafariki, wengi wao watoto. Watoto watatu walinusurika. Wamarekani waliokuwa nchini kwa kazi ya kujitolea walikuwa wakipita njia hiyo. Walisimamisha gari lao, wakashuka, wakawahudumia. Siku chache baadaye watoto hao walisafirishwa kwa ndege kutoka uwanja wa Kilimanjaro hadi Marekani kutibiwa, na mwezi Agosti mwaka huo walirudi nyumbani. Wageni wapita njia waliosimama: je, si ile habari ya Msamaria kabisa?

Lakini ajali yaweza pia kudhihirisha upande mwingine wa moyo wa mwanadamu. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu, Morogoro. Watu walikimbilia na madumu kuchota petroli. Moto ulipolipuka, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Hatuwahukumu marehemu; umaskini ni mwalimu mkali, na tunawaombea pumziko la milele. Tunajiuliza tu sisi tulio hai: tunaposikia kishindo barabarani, miguu yetu hukimbia kwa ajili gani?

Nasi wa Upare tulifikiwa. Jumamosi tarehe 28 Juni 2025, basi kubwa na basi dogo viligongana eneo la Sabasaba, Same, vikawaka moto, na watu wasiopungua 38 wakafa. Miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakienda harusini. Majuma mawili baadaye, tarehe 13 Julai, Kanisa lote duniani lilisoma Injili ya Jumapili ya 15 ya Mwaka C: Msamaria Mwema, Luka sura ya 10. Hatukuichagua sisi Injili hiyo. Ilikuwa imekwisha kupangwa katika kalenda. Ilitukuta tukiwa bado tunanuka moshi wa msiba, ikatuuliza swali lile lile ambalo mwanasheria alimwuliza Yesu juu ya jirani.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo laweza kuwaudhi baadhi ya wasomaji wetu, tunaomba watuvumilie. Sisi ni hodari mno kwa wafu. Mtu akifariki, ndani ya saa moja kamati imeundwa. Yuko mwenyekiti, yuko mweka hazina, yuko wa turubai, yuko wa masufuria, yuko wa kuandaa kaburi. Jumuiya inachanga, ukoo unachanga, walioko Dar es Salaam wanachanga. Mwili ukiwa umelala mbali, gari linapatikana usiku huo huo, tena lenye dereva wawili, na linapanda mlima hadi mlangoni. Hakuna anayesema mafuta hayapo. Hakuna anayesema tungoje mume arudi.

Hilo ni jema. Kuzika wafu ni mojawapo ya matendo ya huruma ambayo Mama Kanisa anatufundisha. Lakini kuwahudumia wagonjwa nako kumo katika orodha hiyo hiyo. Inakuwaje basi tupate gari la kumleta marehemu kutoka mamia ya kilomita, na tusipate gari la kumpeleka yeye huyo huyo hospitalini alipokuwa bado anapumua? Inakuwaje tuwe na daftari la rambirambi lililopangwa vizuri, na tusiwe na daftari la dharura hata la kurasa mbili? Marehemu hawezi tena kuchelewa. Anayechelewa ni mgonjwa. Tumejipanga kwa ajili ya yule asiyeweza tena kuchelewa, na tumemwacha yule ambaye kila dakika kwake ni uhai.

Wako watakaotujibu: hiyo ni kazi ya serikali, sisi tunalipa kodi. Ni kweli, nasi hatuiondolei serikali wajibu wake. Gari la wagonjwa lenye matairi mazima na mafuta, zahanati yenye mhudumu usiku, barabara inayopitika na damu salama hospitalini ni haki za raia, wala padre asiyesema hivyo hatendi haki. Lakini mafundisho jamii ya Kanisa, hasa tangu waraka wa Papa Pius wa XI wa mwaka 1931 uitwao Quadragesimo Anno, yanatufundisha kanuni ya auni: jambo linaloweza kufanywa vema na jamii ndogo lisinyakuliwe na jamii kubwa, na jamii kubwa isiache kuisaidia ile ndogo. Serikali haiwezi kujua kwamba nyumba ya tatu baada ya mbuyu kuna mama ambaye siku zake zimetimia. Sisi tunajua. Serikali haiwezi kusimama njia panda na tochi saa nane usiku. Sisi tunaweza. Na kijiji kilichotimiza sehemu yake ndicho chenye sauti ya kudai sehemu ya serikali.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walioungana katika AMECEA walipozifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, walitaka Kanisa liishi pale mtu anapoishi. Hawakutaka jumuiya ya kusali rozari na kukusanya michango tu. Kwa hiyo tunapendekeza kwa kila jumuiya ya Kwakoa na vigango vyake, na kwa jumuiya nyingine zote zitakazosoma haya, kwamba tuwatafute tena wale watu wanne wa machela.

Mtu wa kwanza ni mwenye kuamua. Kila familia inayotarajia mtoto ipange mapema: nani ataamua kama mume hayupo, mama atajifungulia wapi, fedha ziko wapi, nani atabaki na watoto. Akina baba, tunasema nanyi hasa, ninyi wa UWAKA: toeni ruhusa yenu mapema, mbele ya mashahidi, ili kusiwe na mke wa mtu atakayekufa akisubiri neno la mumewe. Na akina mama wakubwa wa WAWATA, ninyi mnaosikilizwa chumbani kuliko mtu yeyote, ulimi wenu uwe wa kwanza kusema twende, wala usiwe wa mwisho.

Mtu wa pili ni mwenye kuita na kubeba. Namba 115 iandikwe mlangoni mwa kila nyumba yenye mama mjamzito. Jumuiya iwe na orodha ya wenye magari na pikipiki, na mfuko mdogo wa dharura uliotengwa na ule wa misiba. Mfuko huo uwe na sharti moja: hutolewa kwanza, kikao baadaye. Msamaria hakuitisha kikao. Alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake mwenyewe, akamlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi. Vijana wetu wa bodaboda nao wasidharauliwe. Tunawalaumu kwa mwendo wao, na mara nyingi wanastahili kulaumiwa. Lakini ndio wanaofika kwanza penye ajali. Kijiwe kimoja cha bodaboda kilichofundishwa na muuguzi wa zahanati kwa alasiri moja chaweza kuokoa watu kuliko mahubiri yetu ya mwaka mzima. Wafundishwe kwamba jeraha linalovuja damu hukandamizwa kwa kitambaa safi bila kuachia. Kwamba majeruhi havutwi mikono na miguu kama gunia, isipokuwa penye hatari kama ya moto. Kwamba aliyepoteza fahamu hanyweshwi maji. Kwamba aliyeumwa na nyoka hachanjwi wembe wala hafungwi kamba ya kukaza, bali hutulizwa, kiungo chake hakitikiswi, naye hukimbizwa hospitalini.

Mtu wa tatu ni mwenye kuangaza njia. Hii ni kazi ya VIWAWA na watoto wakubwa. Gari likiitwa, kijana mmoja na tochi asimame njia panda, mwingine korongoni, mwingine mlangoni. Na kabla ya vuli, tufanye msaragambo wa mahali pale ambapo sote tunapajua, pale gari linapokwama kila mwaka. Mawe machache na jembe la alasiri moja vyaweza kuwa uzima wa mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Mtu wa nne ni mwenye kutoa damu. Mtu mwenye afya njema, mwenye umri wa kuanzia miaka 18 na uzito usiopungua kilo 50, anaweza kuchangia damu. Mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Damu haikai hifadhini zaidi ya majuma machache, kwa hiyo haitoshi kuchanga mara moja kwa mwaka kwa shangwe na fulana. Sisi tunaokaribia kila Jumapili meza ya Bwana aliyetumwagia Damu yake, tutaogopaje sindano kwa ajili ya jirani?

Baada ya hao wanne, ipo bado dari ya kutoboa. Wale watu wa Kapernaumu hawakukubali umati uwe sababu ya kurudi nyumbani. Kwetu dari ni nyingi. Iko dari ya aibu, mama anapoficha dalili za hatari. Iko dari ya kumtafuta mchawi kwanza na muuguzi baadaye. Iko dari ya hofu, mtu anapomwacha majeruhi barabarani kwa kuogopa kuulizwa maswali na polisi. Fomu na maelezo vina mahali pake katika sheria, lakini uhai hutangulia. Kuhani na Mlawi katika mfano wa Bwana nao walikuwa na sababu zao za kupita upande wa pili. Bwana hakuona haja hata ya kuzitaja.

Na sisi mapadre tunayo dari yetu, nasi tunaikiri hapa. Mara nyingi tunaitwa usiku kutoa Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa, na tunakuta kwamba aliyeitwa ni padre tu. Waamini wengi bado wanadhani Sakramenti hiyo ni ya wanaokata roho, kwa hiyo padre akiitwa, hospitali imekwisha kusahauliwa. Sivyo. Ni Sakramenti ya wagonjwa, ya faraja na ya nguvu, na hatuwezi kuitumia kama kisingizio cha kukata tamaa. Tuiteni, nasi tutakuja. Lakini pigeni simu mbili, wala msianze na yetu. Na gari la parokia, kama linaweza kwenda kwenye kikao, linaweza kwenda hospitalini.

Mtakatifu Kamili wa Lellis, ambaye Kanisa linamkumbuka tarehe 14 Julai, aliwafundisha wenzake kuwahudumia wagonjwa kana kwamba wanamhudumia Kristo mwenyewe. Mwaka 1586 Papa Sixtus wa V aliwaruhusu kuvaa msalaba mwekundu juu ya mavazi yao, karne nyingi kabla alama ya namna hiyo haijachorwa ubavuni mwa magari ya wagonjwa. Na hapa kwetu, Hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971 ilianzishwa na Mfuko wa Msamaria Mwema, uliowaunganisha Wakristo wa madhehebu mbalimbali. Hivyo mwisho wa safari yetu, kule Moshi, ipo nyumba iliyojengwa kwa jina la Msamaria. Kinachotafutwa ni Msamaria wa mwanzo wa safari, hapa Kwakoa.

Wapendwa, juma hili tunaomba kila jumuiya, baada ya sala na kushirikishana Neno, itenge nusu saa tu. Wahesabiwe akina mama wajawazito walio jirani, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, Wakristo na Waislamu, kwa maana Msamaria hakuuliza dini ya aliyelala njiani. Yaandikwe majina manne. Ifunguliwe kurasa ya kwanza ya daftari la dharura. Tukifanya hivyo, siku gari litakapokuja, litatukuta tumesimama njia panda, tochi mkononi.

Tumwombe Mungu, kwa maombezi ya Bikira Maria aliyefanya haraka kwenda nchi ya milimani kumhudumia Elizabeti mjamzito, atujalie miguu yenye haraka na mioyo isiyongoja. Awape pumziko wote waliotutoka kwa sababu ya kuchelewa kwetu, na atusamehe.

Tumsifu Yesu Kristu. Milele na milele, Amina.